Skrubu Nne za Fullerton

Mtu akiwekewa mezani gitaa la umeme la Fender lililotengenezwa kati ya mwaka 1950 na 1964, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye nyuzi. Ni sawa, maana gitaa ni la kupigwa. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini watu wenye akili zao timamu wako tayari kutoa thamani ya nyumba kwa ajili ya ubao uliobabuka rangi, namshauri aanze na bisibisi. Aligeuze gitaa, atafute kibati cha chuma pale shingo inapokutana na mwili, alegeze skrubu nne, kisha aitoe shingo taratibu. Yote yanayonivutia katika magitaa haya yanaanzia hapo. Aliyeyabuni alikuwa fundi wa kurekebisha vitu, ndiyo maana yanafunguka. Na kwa kuwa yanafunguka, watu walioyatengeneza bado wanasomeka ndani yake.

Fundi huyo ni Clarence Leonidas Fender, aliyejulikana zaidi kwa jina la Leo. Alizaliwa mwaka 1909 katika familia ya wakulima wa machungwa, kusini mwa California, na utotoni akapoteza jicho la kushoto. Alisomea uhasibu, akaajiriwa, kazi ikaota mbawa katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, na mwaka 1938 akakopa dola 600 kufungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Waliomletea kazi ni wenye redio zilizonyamaza, wenye gramafoni zilizokwama, na baada ya muda wanamuziki waliobeba amplifaya na magitaa yaliyowafia jukwaani usiku uliopita. Leo mwenyewe hakujua kupiga gitaa, na hakujifunza hadi anafariki mwaka 1991.

Naamini kutojua huko kulimfaa. Mpigaji anayebuni gitaa hutaka kuridhisha masikio yake mwenyewe. Leo alikuwa na masikio ya fundi anayemsikiliza mteja: hapa panakwaruza, pale waya unakatika, nikiongeza sauti gitaa linapiga mluzi. Mluzi huo ulikuwa kero kubwa ya zama zile. Magitaa yaliyotiwa umeme yalikuwa bado na tumbo lenye uwazi, kwa hiyo sauti ya spika ililitikisa tumbo, tumbo likazitikisa nyuzi, nyuzi zikarudisha kelele kwenye spika, na mzunguko ukaendelea mpaka mpigaji aukate. Dawa yake ni kuliondoa tumbo. Mwaka 1950 kiwanda cha Leo kilitoa gitaa lenye mwili wa mbao ngumu isiyo na uwazi, kwanza kwa jina la Esquire, kisha Broadcaster, na mwaka 1951 likapata jina lililodumu hadi leo: Telecaster.

Ubao usio na tumbo ulizungumzwa sana, lakini uamuzi mkubwa zaidi, kwa macho yangu, uko kwenye shingo. Kwa karne nyingi watengenezaji wa magitaa na fidla wamekuwa wakiigundisha shingo kwenye mwili kwa gundi. Kiungo kile ni kazi ya heshima, ila siku shingo ikipinda, mwenye gitaa ana safari ndefu kwa fundi mjuzi wa kuyeyusha gundi bila kuharibu mbao. Leo alipiga hesabu za dukani kwake: kifaa kikichoka kinatolewa, kingine kinawekwa. Shingo aliifanya kipande kimoja cha mepo, mti mgumu mweupe wa Amerika Kaskazini, akagongea freti, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyo chini ya nyuzi, moja kwa moja kwenye mbao yenyewe, akaifunga kwa skrubu nne. Anasimuliwa kuchekwa na wenzake wa biashara hiyo, waliosema ametengeneza kasia. Lakini mpigaji aliyekuwa kilomita mamia kutoka kwa fundi alijua amepewa nini.

Miaka minne baadaye, 1954, likatoka Stratocaster, na hapo unaona kazi ya masikio ya Leo kwa ukamilifu. Bill Carson, mwanamuziki wa kantri, alikuwa amelalamika kuwa kingo za mraba za Telecaster zinamchoma mbavu. Freddie Tavares, mpigaji kutoka Hawaii aliyejiunga na kiwanda mwaka 1953, alikaa na Leo kuchora umbo jipya. Mgongoni mbao imechongwa ikabonyea kidogo kupokea mbavu. Mbele imeteremshwa pale mkono wa kulia unapolala. Daraja la nyuzi lina vipande sita, kimoja kwa kila uzi, na kila kipande kinasogezwa peke yake kwa skrubu, mpaka uzi useme kweli kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho. Daraja zima linanesa juu ya springi zilizofichwa mgongoni, ili mpigaji akibonyeza mkono wa chuma sauti ipinde na kurudi mahali pake. Gitaa hilo liliuzwa dola 249.50, sanduku lake bei mbali.

Sasa turudi kwenye bisibisi. Shingo imetoka. Kwenye kisigino chake, sehemu inayozama ndani ya mwili na ambayo mpigaji haioni kamwe, kuna maandishi ya penseli: mwezi na mwaka. Katika shingo nyingi za miaka ya 1950 zipo pia herufi mbili, TG. Ni herufi za Tadeo Gomez, mfanyakazi wa Fullerton aliyezipa shingo umbo la mwisho. Mashine ilikata umbo la jumla, kisha mtu akaisimamisha shingo mbele ya mkanda wa msasa unaozunguka na kuifuatisha kwa viganja mpaka aridhike. Ndiyo maana hakuna shingo mbili zinazolingana kabisa. Za mwaka 1954 hujaa kiganja kizima. Nyingi za 1956 na 1957 zina mgongo uliochongoka. Za 1960 ni nyembamba na zinateleza. Mpigaji mzoefu hufumba macho, akaishika shingo, na kuutaja mwaka akikosea kwa nadra.

Ondoa na ule ubao wa plastiki wa mbele unaobeba nyaya na vitufe. Katika Stratocaster za mwanzo unashikwa na skrubu 8. Kuanzia 1959 zikawa 11. Ndani, kwenye shimo lililochimbwa katika mbao, mara nyingi utakuta kipande cha utepe wa karatasi kimebandikwa, na juu yake jina la mwanamke limeandikwa kwa mkono: Mary, au Gloria, pengine na tarehe. Ni jina la aliyeketi na solda, akaunganisha nyaya zote, akajaribu sauti, akatia sahihi na kufunika. Kampuni ilihitaji tu kumjua wa kuulizwa iwapo gitaa litarudi na hitilafu. Sisi tumepata zaidi ya hapo. Katika bidhaa iliyotengenezwa kiwandani, kwa zamu, kwa maelfu, tunaweza kumtaja mtu.

Penseli na utepe vinaweza kughushiwa, kwa hiyo wachunguzi wana ushahidi mwingine wa kupimana nao. Kila kidhibiti cha volyumu kimepigwa mhuri wa namba kwenye chuma chake. Ukisoma 304634, tarakimu tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji wa kifaa hicho, kiwanda cha Stackpole. 6 ni mwaka 1956. 34 ni wiki ya thelathini na nne. Kidhibiti hakiwezi kuingia kwenye gitaa kabla hakijatengenezwa, basi hapo pana kikomo kisichobishiwa. Kisha kuna alama za misumari. Wapakaji rangi wa Fullerton waligongelea misumari michache usoni mwa mwili wa gitaa, ili wapake upande mmoja, waugeuze usimame juu ya misumari hiyo, wapake na mwingine bila kungoja. Rangi ilipokauka misumari iling'olewa, na matundu yake, yasiyo na rangi ndani, yakajificha chini ya plastiki. Njia ya mkato ya karakana imekuwa hati ya uhalali.

Namba iliyochapwa kwenye kile kibati cha nyuma, ambayo mnunuzi mgeni huikimbilia, ina uzito mdogo kuliko hayo yote. Vibati vilichukuliwa kutoka kwenye boksi bila kufuata mpangilio. Stratocaster yenye namba 0001, iliyokuwa ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd na kuuzwa mnadani New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.8, haikuwa ya kwanza kutengenezwa.

Kiungo kinachohitaji subira kuliko vyote ni pikapu, kile kidude kilicho chini ya nyuzi kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kwa Fender ni kitu chepesi kukieleza. Vijiti sita vya sumaku vinasimama kati ya vibati viwili vya ubao wa nyuzinyuzi, na kuzizunguka sumaku hizo kuna waya wa shaba mwembamba kiasi cha unywele, uliozungushwa takriban mara 8,000. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku unacheza nao, na ndani ya waya unazaliwa mkondo mdogo wa umeme wenye umbo lile lile la mtikisiko. Mkondo huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Gitaa la umeme, kwa hiyo, halina maikrofoni inayosikiliza hewa. Linasikiliza chuma chenyewe.

Mashine ilizungusha pikapu, lakini waya uliongozwa na vidole. Ukiuvuta sana unakatika na kazi yote inaanza upya. Ukiulegeza, mizunguko inabaki na nafasi ya kutikisika, na pikapu itapiga ukelele mbele ya spika yenye nguvu, hata baada ya kutumbukizwa kwenye nta. Vidole vinakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, na waya haulali kwa mpangilio kamili wa mashine. Unapishana kidogo, safu juu ya safu, ukiacha hewa hapa na pale. Idadi ya mizunguko inazidi au kupungua kidogo. Tofauti hizo ndizo zinazoifanya pikapu moja ing'ae na jirani yake itoe sauti nene zaidi. Abigail Ybarra aliingia Fender mwaka 1956 na akazungusha pikapu kwa zaidi ya nusu karne. Mwishowe wapigaji walikuwa wakiomba zenye herufi za jina lake, na kabla ya kustaafu alimfundisha Josefina Campos kazi hiyo. Mhandisi anaweza kuandika aina ya waya, unene wake na idadi ya mizunguko. Kiasi cha kuubana ule waya kilipita kutoka mkono hadi mkono.

Sumaku zenyewe zinatunza historia. Hazilingani urefu: nyingine zimechomoza, nyingine zimezama, kwa sababu nyuzi za miaka ile hazikuwa na nguvu sawa. Uzi wa tatu wa wakati huo ulikuwa mnene, umezungushiwa waya, na ukahitaji sumaku iliyosimama juu. Wapigaji wa leo hutumia uzi wa tatu mwembamba usiozungushiwa, kwa hiyo katika gitaa la zamani unasikika kwa nguvu zaidi kidogo kuliko wenzake. Wengi wamejifunza kuupiga kwa upole zaidi, wakauacha mpangilio wa zamani ulivyo. Wapigaji pia waligundua jambo ambalo Leo hakulipanga. Swichi ya Stratocaster ilikuwa na vituo vitatu, lakini wakiitega katikati ya vituo viwili walipata sauti tamu, kama ya puani, ya pikapu mbili zikilia pamoja. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu waliitega hivyo kwa ujanja wa kidole, hadi mwaka 1977 kiwanda kilipokubali na kuweka swichi ya vituo vitano.

Mwaka 1959 shingo zilibadilika. Laka ya juu ya mepo ilikuwa inachakaa na kuacha madoa meusi ya vidole, kwa hiyo juu yake wakaweka ubao wa rozwudi ya Brazili, nyeusi yenye wekundu, isiyohitaji laka. Rozwudi hiyo ni ndugu wa mpingo wetu: wanasayansi huweka miti yote miwili katika jenasi ya Dalbergia. Anayeufahamu mpingo wa Lindi na Kilwa, uzito wake, mafuta yake, unavyong'arishwa bila vanishi mikononi mwa wachongaji wa Kimakonde, na unavyosafirishwa kwenda kuwa klarineti na oboe, ataitambua tabia hiyo chini ya vidole. Ukoo huu umeonja uhaba. Biashara ya kimataifa ya rozwudi ya Brazili ilibanwa vikali mwaka 1992, na mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, ikaingizwa chini ya udhibiti. Gitaa la 1960 lina mbao ambayo kiwanda cha leo hakiwezi kuagiza kwa simu.

Tazama na rangi. Fender walitumia laka ya aina iliyotumika kwenye magari, na aliyetaka rangi ya pekee aliongeza asilimia 5 ya bei, akachagua kwenye kadi ya rangi za DuPont zilizokuwa zikipakwa Cadillac na Chevrolet. Laka hiyo ni nyembamba na haikomi kubadilika. Nyeupe inageuka rangi ya siagi, buluu inaelekea kijani. Baridi ikiingia ghafla laka inapasuka mistari myembamba kuvuka mwili mzima. Pale mkono unapolala, jasho linaila mpaka mbao inatokeza.

Stratocaster ya 1961 iliyokuwa ya mpigaji Rory Gallagher wa Ireland ni somo kamili la jambo hili. Aliinunua mwaka 1963, akiwa kijana, katika duka la muziki mjini Cork, kwa takriban pauni 100 alizolipa kidogo kidogo. Iliibwa mara moja, ikapatikana imetupwa mtaroni. Akaipiga hadi kifo chake mwaka 1995, na jasho lake likaivua karibu rangi yote. Mwaka 2024 ilinadiwa London kwa zaidi ya pauni 800,000, na walioinunua wakaikabidhi kwa makumbusho ya taifa ya Ireland. Yeyote anaweza kukwangua gitaa jipya kwa msasa lifanane na lile, na tangu mwaka 1995 Fender wenyewe huuza magitaa yaliyochakazwa makusudi. Sina ugomvi na wanaoyanunua. Ila mikwaruzo ya Gallagher iko mahali ambapo mkono wake ulihitaji kuwa, na mtu akiitazama kwa makini anaweza kujua alivyokuwa akipiga.

Uhaba wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ajali ya biashara. Mapema mwaka 1951 kampuni ya Gretsch iliwajulisha Fender kwamba jina Broadcaster lilikuwa karibu mno na jina la ngoma zake. Fender hawakutaka kutupa nembo walizokwisha kuchapisha, wakakata kwa mkasi sehemu ya jina, wakaendelea kubandika zilizobaki na neno Fender peke yake. Magitaa ya miezi hiyo michache yasiyo na jina, ambayo wakusanyaji huyaita Nocaster, sasa ni hazina. Vivyo hivyo Januari 1965 Leo alipoiuza kampuni kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13: wakusanyaji wamechora mstari hapo, na gitaa la upande wa kwanza wa mstari linapata bei ambayo dada yake wa miezi michache baadaye haipati. Mstari huo una ukweli, kwa sababu baada ya muda uzalishaji uliongezwa na uangalifu ukapungua. Lakini mikono ya Fullerton haikubadilishwa usiku mmoja.

Soko linapenda usafi: kila skrubu ya asili, kila solda haijaguswa. Nauelewa upendo huo, kwa sababu gitaa ambalo halijaguswa ndilo lenye ushahidi kamili. Hata hivyo gitaa lisilo na usafi huo ndilo lililomthibitisha Leo. Mwaka 1970 mpigaji Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa za zamani dukani Nashville, wakati ambapo hazikuwa na bei. Akachagua viungo bora vya tatu kati yake, mwili wa hili, shingo ya lile, pikapu za jingine, akaunganisha gitaa moja jeusi aliloliita Blackie na kulipiga kwa miaka mingi. Mwaka 2004 liliuzwa kwa dola 959,500, fedha zikaenda kwenye kituo alichokianzisha Antigua cha kutibu waraibu. Gitaa lenye shingo ya gundi lisingemruhusu kufanya hivyo mezani kwake.

Je, sauti ya zamani ni bora? Wajuzi wanabishana, hasa juu ya mchango wa mbao, na mimi sijengi mapenzi yangu juu ya ubishi huo. Pikapu, nyuzi, urekebishaji na vidole vya mpigaji vinaeleza sehemu kubwa, na leo yapo magitaa mapya yenye sauti safi sana. Ninachokiheshimu kinashikika. Ni jibu la kweli kwa malalamiko ya kweli: mbavu zilizochomwa, mluzi uliokera, shingo iliyopinda mbali na mji. Ni fundi aliyekubali kwamba chombo chake kitaharibika, akamwachia atakayekuja njia ya kuingia. Na ni wafanyakazi waliofanya vizuri sehemu ambazo hakuna mnunuzi angeziona.

Jambo hili halihusu magitaa peke yake. Vitu vingi tunavyouziwa sasa vimefungwa kwa gundi. Simu ikifa, fundi wa mtaani anahangaika kuibandua kioo kabla hajafika kwenye ugonjwa. Stratocaster ya 1954 bado inarekebishwa kwa vifaa ambavyo fundi wa redio yeyote anavyo kwenye droo yake, na itaendelea kurekebishwa baada ya sisi. Anayeitengeneza hukutana na kazi ya wenzake wa miaka sabini iliyopita, akaona walivyoshika solda, akajifunza.

Bei zitapanda na kushuka, na majina makubwa ya wapigaji yataendelea kuzivuta. Tadeo Gomez, Mary na Gloria walilipwa mshahara wa kiwandani, wakamaliza zamu, wakarudi nyumbani. Sehemu kubwa ya kile ambacho minada inauza ni kazi yao, na anayeyapenda magitaa haya anapaswa kuwataja kila anapomtaja Leo Fender.